Mpunga Chini ya Kawa

Juzi pale Nangurukuru niliona kawa zinauzwa, zile za ukili za kufunikia chakula, nikakumbuka mchana mmoja kijijini kwetu Tingi.

Mheshimiwa mmoja alikuja kutueleza, kwa mara ya tatu, kwa nini ruzuku ya wakulima wa mpunga imechelewa. Kwetu mgeni hula kwanza, ndipo huongea. Mama alikuwa na zamu ya kupika. Nyumba ilinukia nazi tangu asubuhi, nami nikamsaidia kubeba sinia hadi mkutanoni.

Mheshimiwa akanawa, akasema bismillahi, akafunua kawa. Kando ya mchuzi wa samaki palikuwa na mpunga mkavu, na maganda yake.

Nilitamani ardhi inimeze. "Mama," nikanong'ona, "umesahau kutwanga!"

"Sijasahau," akajibu kwa sauti, mkutano mzima ukasikia. "Karibu, mheshimiwa. Subiri kidogo, kama tunavyosubiri sisi."

Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilidhani wanamfichia aibu.

Kawa nimeinunua. Keshokutwa anakuja mheshimiwa mwingine kutueleza kuchelewa kulekule, na zamu ya kupika ni yangu. Mchuzi nitaupika vizuri. Mpunga siutwangi.