Doa Katika Utumbo wa Mama

Nikipita Luberizi siku hizi, bado natafuta kwa macho kile kipande cha mpunga alicholima mama yangu, ubavuni mwa shamba la shangazi, dada ya marehemu baba. Walikuwa wakipanda pamoja na kula chungu kimoja, mpaka mama alipoanza kuishiwa damu.

Ilianza baada ya matanga fulani ambapo shangazi ndiye aliyegawa chakula. Viganja vya mama vikapauka. Akipanda ngazi za kanisa, ilimbidi aketi katikati. Alitiwa damu hospitalini Uvira, akapata nafuu, kisha damu ikapungua tena. Madaktari waliingiza kamera kwa mdomo, wakaingiza na kwa chini, wasione kidonda. Majirani walikwisha kutoa jibu lao: sumu. Mama hakumshitaki mtu, ila aliacha kula kwa shangazi, na shangazi akaelewa. Miaka ikapita wakisalimiana kwa mbali.

Mwishowe nilimvusha mpakani hadi hospitali kubwa ya nchi jirani. Walimpa kidonge chenye kamera ndogo na taa ndani yake, akakimeza kwa maji. Kiunoni wakamfunga mkanda wenye kifaa cha kupokea picha. Kutwa tulizunguka uani, yeye akinihadithia utoto wake Runingu, jinsi walivyofukuza ndege kwenye mpunga kwa kugonga makopo. Sikumbuki siku nyingine niliyokaa naye peke yetu muda mrefu hivyo. Alicheka sana, akiushika mkanda usiteleze.

Tulipoitwa kuona picha, daktari, mwanamke wa makamo, alitukalisha mbele ya kompyuta. Utumbo mwembamba ulionekana kama pango lenye ukungu: giza, nyongo ya manjano, mapovu. Sikuona kitu. Akabonyeza, picha ikang'aa. Akabonyeza tena, rangi zikabadilika, nyama ikawa kijani hafifu, na ukutani pakajitokeza doa dogo lenye vijishipa kama miguu ya buibui.

Mama aliinama karibu na kioo. Akauliza kama ni mashine ndiyo imechora lile doa.

"Hapana, mama. Haichori kitu," daktari alisema.

Akairudisha picha ya kwanza, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Doa lilikuwepo tangu mwanzo, ila rangi yake ilifanana mno na nyama iliyolizunguka; mashine ilizitenganisha tu. Alieleza kwamba ni mishipa iliyolegea, inayovuja kidogo kidogo, na huwapata watu wakizeeka.

Mama aligeuka kutoka kwenye kioo.

"Kwa hiyo hakuna muntu alinitilia kitu?"

"Sumu haifanyi hivi, mama."

Walilichoma lile doa kwa kifaa kirefu kilichopitishwa mdomoni, na damu yake ikatulia. Tuliporudi, hakutaka hata kupumzika kwangu Kimanga, pale Uvira. Tulikwenda moja kwa moja kwa shangazi. Alikuwa akipepeta mchele. Akainuka na ungo mkononi.

"Wifi," mama akamwambia, "miye niliwaza mubaya juu yako. Unisamehe. Niko na njaa."

Shangazi alilia kwanza, ndipo akaingia jikoni. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani.

Walilima pamoja misimu kadhaa tena, hadi mama alipofariki kwa uzee, shangazi akiwa ameketi kando ya kitanda. Ninachokikosa zaidi ni sauti zao za alasiri, wakipalilia huku wakibishana kama mvua itanyesha. Mara nyingi mama ndiye aliyekosea.