Mama Mushiya na Jeni Iliyoandikwa Mara Sita

Nisifiche: Mama Mushiya sikumupendaka. Alinifuta. Zamani alikuwa karani mu kampuni moja ya mine ya shaba hapa Kolwezi, kazi yake kutafuta doublon, ni kusema jina lenye kuandikwa mara mbili. Akakuta mu liste ya bafanyakazi batu babili: baba mumoja, mama mumoja, tarehe ya kuzaliwa moja. Yule wa pili akamupiga mustari, akamutosha mu kazi. Wa pili njo mi, Kabanga. Wa kwanza ni ndugu yangu Mbuyi. Mawe! Muluba mwenzangu anaona Mbuyi na Kabanga, majina tunayopaka mapasa, batoto babili ba mimba moja, na hajui? Hata mutoto wa maternelle anajua! Nilipolia kwa dirisha lake, akasema: "Mashine imesema, tata."

Kazi ilipotea, sawa. Ile yenye kuniuma ni kwamba hakukubali hata siku moja kama mi ni mutu.

Leo ninamwagilia mimea kwa Mademoiselle Tatiana, mwalimu wa université, kule mutaa wa Manika. Anachunguza kamumea ka maua ya bleu kenye kuotaka juu ya udongo wa shaba, pale majani mengine yanakufa. Alisoma jeni zake, yale maagizo yaliyo ndani ya kila kiumbe, na Ijumaa alipashwa kutuma liste mu hazina ya kompyuta, kule dunia nzima inatafuta jeni zenye kujirudia za mimea na banyama. Liste ilikuwa ndefu, akaita mutu wa kuipanga. Nani anaingia? Mama Mushiya, na miwani yake. Hakunijua.

Siku ya pili akakuta jeni moja imeandikwa mara sita.

"Doublon!" Alicheka sawa mutu mwenye kukamata mwizi. Akatia tano rangi nyekundu, kidole kikaenda kufuta. Mi niko pale na arrosoir yangu ya kumwagilia. Nilitaka afute, haya imupate.

"Mama, hapana!" Tatiana akaruka. "Ukifuta ile, kamumea kanakuwa sawa majani yote!"

Akatuelezea polepole. Zamani sana jeni ile ilikuwa moja. Kwa kosa, mumea ukaiandika tena na tena. Ya kwanza ikaendelea na kazi ya kila siku. Zile zingine zikapata nafasi ya kujifunza kubeba shaba na kuiweka pembeni, isiue.

"Na sisi batu?" Mama akauliza kwa sauti ndogo.

Tatiana akafungua ukurasa mwingine. "Jeni ya kuona nyekundu na ya kuona kijani, zamani zilikuwa moja, ikaandikwa mara mbili. Njo maana unaona tomati mu majani yake."

Mungu wangu! Niliangalia inje. Mwanamuke alipita, amejifunga pagne nyekundu, beseni ya mboga ya lenga-lenga juu ya kichwa. Miaka hamusini na mbili ninaona ile rangi, kumbe ninaionea kwa doublon!

Mama Mushiya akatoa miwani, akaniangalia.

"Tata, jina lako nani?"

"Kabanga."

"Wa Mbuyi?"

"Wa Mbuyi, Mama."

"Basi mulikuwaka babili." Machozi yakashuka, hakuyapanguza. Nilikuwa nimeweka maneno makali kwa siku ile, yote yakanipotea.

"Na bale bengine?" akaniuliza. "Kabanga, nilifutaka batu ngapi?"