Nilichelewa kulalamika kazini kwa siku mbili, na muhuri wa tarehe ulikuwa mkononi mwangu

Wakuu, salamu toka Lubumbashi.

Huwa nasoma nyuzi za watu humu na kupita kimya kimya. Leo naweka yangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, nimebadilisha majina tu kwa sababu wahusika wako hai na simu wanazo. Kiswahili changu kina Kifaransa ndani, mnivumilie, ndivyo tulivyo huku.

Nilikuwa mkuu wa courrier katika shirika moja la serikali.

Courrier ni ofisi ya barua. Kila karatasi inayoingia au kutoka inapita kwenye meza yangu, naigonga muhuri wa tarehe, naiandika kwenye rejista, nampa mwenyewe nakala yake. Miaka kumi na saba. Kazini wote waliniita Papa Courrier, mpaka mke wangu naye akawa ananiita hivyo akitaka kunichokoza.

Muhuri wenyewe ni wa zamani, una vigurudumu vya mpira. Kila asubuhi unavizungusha kwa kidole gumba mpaka tarehe ya leo itokee. Vikumbukeni hivyo vigurudumu.

Sasa sheria, kwa kifupi.

Tuna mkataba wa pamoja kati ya shirika na wafanyakazi, convention collective. Ukiandikiwa barua ya adhabu na huikubali, una siku kumi na tano za kulalamika kwa maandishi, kuanzia kesho yake ya siku uliyoipokea. Jumapili inahesabiwa. Sikukuu inahesabiwa. Siku ya kumi na sita uko hors délai, umechelewa, hawasomi hata mstari wa kwanza. Upande wao nao wana siku nane za kukujibu. Wakizipitisha, malalamiko yako yanapanda yenyewe kwa inspekta wa kazi.

Hiyo ibara niliijua kwa kichwa kama Baba Yetu, na niliwarudisha watu wengi kwa hiyo hiyo.

Mmoja wao ni Mama Ngalula wa archives, ofisi ya kumbukumbu. Alishushwa cheo. Akaleta malalamiko yake siku ya kumi na sita, asubuhi na mapema, viatu vimejaa matope, kwa sababu mtoto wake alikuwa amelazwa na yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza.

"Papa Courrier, uniwekee date ya jana. Ni siku moya tu, jameni."

Nikamjibu: "Mama, date njo date."

Yaani tarehe ndiyo tarehe. Nikagonga ya kweli. Nawaambia bila kuficha, nilijisikia mtu safi siku ile. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kwa kujivuna. Mama Ngalula akakataliwa, na miezi michache baadaye akaacha kazi.

Haya, sasa zamu yangu.

Mama yangu alifariki. Tukamzika Alhamisi. Kwetu kilio hakiishi makaburini, watu wanabaki nyumbani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kukodi, na wenzako wa kazini lazima waje kwa pamoja kukupa pole. Ijumaa alasiri wakaja watu sita, na mfuko wa unga, na sukari, na barua ya rambirambi. Chantal wa ofisini kwangu akaninyooshea cahier ya kupokelea barua, ile ile tunayotumia kila siku kazini.

Nikasaini. Mkono umezoea.

Bahasha zilikuwa mbili. Sikuuliza. Nilimpa dada yangu zote mbili, akazitia kwenye valise, sanduku la nguo la marehemu, pamoja na kadi nyingine za pole.

Mtu wa courrier, miaka kumi na saba, anasaini bila kusoma! Chekeni tu, mimi nimeshamaliza kucheka.

Siku ya kumi na mbili, Jumatano, tukafungua valise na dada ili tugawe nguo za mama. Bahasha ya pili ilikuwa adhabu. Nashushwa cheo na kuhamishiwa Kasumbalesa, mpakani, nikawe karani wa kawaida. Sababu: dossier, yaani faili, ya mkataba fulani imepotelea ofisini kwangu.

Wakuu, ile dossier haikupotelea kwangu. Rejista yangu, ukurasa wa themanini na nne, ina saini ya ofisi ya directeur mwenyewe, mkuu wa shirika, kwamba waliipokea. Kuusoma huo ukurasa ni dakika moja.

Na msiseme Kasumbalesa si mbali. Baba yangu ni mstaafu wa reli, macho yamekwisha, miguu nayo inamkataa. Aliyekuwa akimwogesha ni mama. Sasa kwetu mkwe wa kike hamwogeshi baba mkwe, ni mwiko, na binti naye hamwogeshi baba yake. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nilipoisoma ile barua sikuwaza cheo, niliwaza beseni la maji.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa Papa Banza, mjumbe wetu wa sendika, mtu wa kututetea sisi wafanyakazi. Nikamwambia zimebaki siku mbili, naandika leo leo. Akanishika bega.

"Leka kwanza, ndugu yangu. Siku ya kilio habaihesabuke. Tena weye uko mu congé, hauko mu kazi. Directeur alikuya ku kilio, alilia na sisi. Leo utamutupia barua? Twende tumuone kwanza, kama bantu."

Nilijua mkataba hausemi neno lolote juu ya kilio. Nilijua! Lakini huku mtu aliyekuja kulia na wewe huwezi kumshtaki kabla viti vya kukodi havijarudishwa, watasema mama yako alizaa asiye na adabu. Nikamfuata Papa Banza.

Directeur alitupokea vizuri mno. Akafunga mlango, akaagiza soda.

"Pole sana, Papa Courrier. Umalize kilio yako muzuri. Lundi utarudia, tutapanga ile mambo."

Lundi ni Jumatatu. Tukatoka tumefurahi. Papa Banza akanipiga mgongoni, eti unaona?

Naona kuna mkuu ameshajiandaa kuniuliza: si ungeandika tu hiyo Ijumaa, ukaendelea kuongea nao baadaye? Ndiyo, mkuu. Barua ya ukurasa mmoja. Ijumaa nilikuwa narudisha masufuria ya watu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu bado yanauma.

Jumatatu nikarudi kazini, siku ya kumi na saba. Nikaingia kwa directeur, na safari hii soda hakuna.

"Réclamation yako iko wapi?"

Nikamwambia, malalamiko tena, si ulisema tutapanga?

"Andika, papa. Bila karatasi, mi nitafanya nini?"

Hata hakuinua macho.

Nikaenda mezani kwangu nikaandika. Nikaambatisha nakala ya ukurasa wa themanini na nne. Kisha nikashika muhuri. Ofisini nilikuwa peke yangu. Kurudisha Jumatatu iwe Ijumaa ni kuzungusha mara tatu tu. Nilikuwa nimeshazungusha mara moja ndipo nikaviona vile viatu vya Mama Ngalula. Nikasema hapana, nilimnyima yeye, sitajipa mimi. Nikarudisha kigurudumu, nikagonga tarehe ya kweli, nikijiambia kwamba mtu mkweli hawezi kukosa wa kumsikiliza.

Upuuzi mtupu. Hakuna aliyejua kwamba nimekuwa mkweli.

Nikaanza kuhesabu siku zao nane. Zikaisha Jumanne ya wiki iliyofuata. Kimya. Jumatano kimya. Nikasema basi, inspekta ataiona rejista yangu.

Ijumaa sekretari wa directeur akaingia na barua tatu, ana haraka.

"Papa Courrier, zote uziweke date ya mardi."

Hapa ndipo pa kuniaibisha, lakini niliahidi ukweli. Hilo jambo nilikuwa nalifanya siku zote. Wakubwa wakisema weka ya Jumanne, naweka ya Jumanne. Miaka kumi na saba. Sikuwahi kuliita uongo, niliona ni heshima kwa mkubwa.

Nikazungusha. Nikagonga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu ndipo nikasoma majina ili niyaandike kwenye rejista.

Ya tatu ilikuwa yangu. Malalamiko hayapokelewi, hors délai.

Barua ya kunikataa kwa kuchelewa siku mbili ilikuwa imechelewa siku tatu, na aliyeifanya iwahi ni mimi. Sekretari amesimama mbele yangu anasubiri nakala yake. Nikampa. Nikasema na asante.

Hata hivyo nilikwenda kwa inspekta. Alizitazama tarehe, akanirudishia karatasi zangu.

"Bao biko ndani ya délai. Weye njo uko inje."

Ningesema nini? Kwamba tarehe yao ni ya uongo, nimeigonga mimi? Badala ya kuhamishwa ningefukuzwa. Ukurasa wa themanini na nne haujafunguliwa na mtu yeyote mpaka leo.

Kabla sijahama nilikwenda Kampemba, sokoni, kumtafuta Mama Ngalula. Anauza unga na dagaa. Nilitaka kumwomba msamaha, na nadhani nilitaka pia anihurumie. Nikamweleza yote, mpaka ile ya kujigongea tarehe ya kweli. Aliendelea kupima unga wa mteja mpaka alipomaliza.

"Papa, mi nilikuwa nayua ile roue ya muhuri inazungukaka. Nilikuonaka unazungushia bakubwa. Njo maana nilikuomba."

Akapokea pesa ya mteja, akaongeza:

"Kwangu mimi tu njo ilikwama."

Akamgeukia mteja mwingine. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, wakuu. Tangu siku ile najiuliza: kama ningekuwa nawakatalia wakubwa, basi kumkatalia yeye kungekuwa uaminifu. Lakini mimi nilikuwa mwaminifu kwa wanyonge tu. Mkuki kwa nguruwe, hayo yote tunayajua mpaka siku tunapochomwa sisi.

Somo langu ni fupi. Ukipewa barua kazini, isome hapo hapo, hata kama umekaa kwenye kilio cha mama yako. Andika malalamiko yako siku hiyo hiyo, pata nakala iliyogongwa muhuri, halafu ndipo ukanywe soda na yeyote unayetaka. Anayekwambia "tuongee kwanza kama watu" mwulize kama siku nazo zitasimama kukungoja. Papa Banza bado ni mjumbe, ananisalimia vizuri tu.

Na kama wewe ndiye mwenye muhuri, hilo la Mama Ngalula nakuachia.

Waliopitia mambo ya délai serikalini, huku Kongo au kwenu, andikeni hapa chini mlifanyaje, hasa kama yupo aliyewahi kufunguliwa mlango baada ya siku kupita. Mnaotaka kunisema, semeni pia, sitanuna.

Ila majibu nitayasoma jioni. Niko njiani kutoka Kasumbalesa. Leo ni Jumamosi, ndiyo siku ya baba kuoga.