Gurudumu la Mbele Liwekwe Ndani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo ningefurahi sana kuisahau. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, karani katika ofisi moja pale Upper Hill, na nilikuwa nimemiliki gari kwa wiki tatu. Lilikuwa gari dogo la rangi ya fedha, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na viti vyake bado vilikuwa vimevikwa zile nailoni za muuzaji. Sikutaka kuzitoa. Jua la mchana lilizichemsha hadi suruali ikaganda mapajani, lakini nilizipenda, kwa sababu kila aliyeingia alijua bila kuambiwa kwamba gari ni jipya. Ukitaka kujua nilikuwa mtu wa aina gani, anzia hapo kwenye nailoni.

Ndugu yangu mdogo, Wekesa, alikuwa fundi wa baiskeli pale Dagoretti Corner. Sisi ni watu wa magharibi. Mimi nilitangulia Nairobi nikapata chumba Woodley, naye akanifuata, akaanza kuziba pancha kando ya barabara na kufanya mazoezi ya mbio asubuhi kabla ya wateja kufika. Simsifu kwa kuwa ni ndugu yangu. Watu waliacha chai yao wakatoka nje kumtazama akipita, na wazee wa mchezo walikuwa wamesema kwamba yule wa Dagoretti anaweza kufika mbali. Mwaka ule ilibaki mbio moja tu. Wanne wa kwanza wangeingia timu ya taifa na kwenda kushindana nje ya nchi. Mbio zenyewe zilikuwa Jumamosi, kuanzia Kiserian, kupanda Kona Baridi, kuteremka upande wa pili na kurudi.

Mwendeshaji hawezi kuchosha miguu kutoka Woodley hadi Kiserian halafu aanze kushindana. Kwa hiyo Wekesa alinijia, akiwa na haya kidogo, akaniuliza kama gari langu lingeweza kubeba baiskeli. Nikajipiga kifua. Nikamwambia alale Kiserian kwa mwenzake Ijumaa ili apumzike, mimi nitaileta baiskeli asubuhi.

Ilikuwa lazima tupate keria, yaani kile chuma cha kufungia baiskeli nyuma ya gari. Siku hizi mnazinunua kwenye maduka makubwa mkiangalia picha iliyo kwenye boksi. Sisi tulienda kwa Mzee Njoroge, mchomeleaji aliyepakana na kibanda cha Wekesa, ambaye alikuwa na keria tatu za mitumba alizozikarabati mwenyewe. Mzee yule hakushika keria yoyote mpaka alipolizunguka gari langu mara mbili. Alipapasa ukingo wa mlango wa nyuma kuona palipo bati na palipo plastiki, maana ndoano za mikanda zikishika plastiki zinang'oa plastiki. Aliinama akatazama chini. Akaniomba niwashe injini, akaweka kiganja chake nyuma ya bomba la moshi, mbali kidogo, akakitoa haraka.

Halafu akachagua keria ya kutuazima, akaifunga, akakaza mikanda, akaning'iniza baiskeli ya Wekesa. Aliishika akaitikisa kwa nguvu hadi gari lote likatikisika pamoja nayo, akaridhika. Mimi nilikuwa naangalia kama kanyagio linakwaruza rangi.

"Wewe kijana, sikia vizuri," Mzee Njoroge akaniambia. "Hii gari yako inatoa moto hapa upande wa kulia. Gurudumu ya mbele inaanguka hapo hapo. Hiyo unatoa, unaweka ndani ya gari. Usiniambie utafunga vizuri. Unatoa."

Wekesa akanionyesha jinsi ya kulitoa, kazi ya nusu dakika, unafungua kikono kimoja tu. Lile gurudumu lilikuwa na tairi ya mbio inayogundishwa kwenye rimu kwa gundi, si kama hizi za kawaida zenye tyubu. Alikuwa ameligundisha mwenyewe kwa siku tatu, safu baada ya safu, akiacha kila safu ikauke. Aliniambia nisijali sana, hata likipata pancha njiani mwenzake wa Kiserian alikuwa na gurudumu la akiba linaloingia kwenye baiskeli yake. Kisha akasema, "Wewe weka tu hiyo wili kwa siti, bro. Hapo niko sawa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumamosi asubuhi nilitoka nje Woodley na kitambaa mkononi, nikafungua kile kikono, nikalitoa gurudumu. Lilikuwa na mafuta katikati na tope kavu pembeni. Nilifungua mlango wa gari, nikaviona viti vyangu, nikasimama pale. Ningeweza kutandika gazeti. Ningeweza kutandika hata shati langu. Badala yake nililirudisha gurudumu mahali pake, nikalifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, vile ambavyo sisi hufungia kila kitu, kuanzia kreti za maziwa hadi vitanda, nikajiambia kwamba wazee wanapenda kutia chumvi.

Lori la mawe lilikuwa limekatika ekseli mbele kidogo ya Dagoretti Corner. Tulikaa foleni karibu saa nzima. Wenye busara walizima injini. Mimi sikuzima, kwa sababu nilikuwa nimefunga madirisha ili nile hewa baridi ya gari, na nilitaka walioko kwenye magari mengine waone madirisha yamefungwa. Nyuma yangu lile bomba lilikuwa likipuliza moto mahali pamoja, dakika baada ya dakika.

Nilipofika Kiserian na kuinama kufungua mipira, nilisikia harufu kabla ya kuona. Ubavuni mwa tairi palikuwa na mahali penye upana wa kiganja palipong'aa. Nilipabonyeza kwa kidole gumba pakabonyea, pakanata. Nilijua mara moja nilichokiona, mwanangu, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote. Nilitema mate kwenye kitambaa nikapafuta. Nikachota vumbi nikapapaka ili pasing'ae. Nikalizungusha gurudumu ili pale mahali pawe chini.

Wekesa akaja akikimbia, amevaa namba yake kifuani, anacheka. Waendeshaji walikuwa wanaitwa kwenye mstari. Akabonyeza tairi kwa juu, akaridhika na upepo, akaniuliza, "Imefika poa?"

"Iko sawa," nikamwambia.

Mwenzake alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo na gurudumu la akiba mkononi. Ningesema neno moja, wangebadilisha kabla ya mstari kupangwa. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini gurudumu halikuwekwa ndani, mbele ya watu, huku gari langu likiwa limesimama pale na milango wazi na nailoni zake. Niliona aibu. Sina jina lingine la kuipamba.

Tairi ilipasuka kwenye mteremko baada ya Kona Baridi. Waliokuwa nyuma yake walisema alikuwa wa pili. Aliruka nje ya lami, goti likapiga jiwe. Mimi ndiye niliyemkimbiza hospitali, amelazwa kwenye kiti cha nyuma, damu imejaa kwenye nailoni, na hadi leo siwezi kukueleza jinsi nilivyozichukia.

Alilazwa kwa miezi miwili. Hospitali haikuwa mbali na ofisi yangu, kwa hiyo nilimpelekea chakula kila siku saa ya mapumziko, na wauguzi wakanisifu kwamba mimi ni kaka wa kweli. Wekesa ndiye aliyenifariji. Nikiinamisha kichwa alinigonga bega akaniambia nisijitese. Siku moja alitazama vidole vyake kwa muda mrefu, akasema, "Ni ile gundi. Nilidhani imeshika. Kumbe ni mimi."

Nilikuwa na kijiko cha uji mkononi. Nikampa uji.

Wiki ile ile nilimrudishia Mzee Njoroge keria yake. Gurudumu lililovunjika lilikuwa bado kwenye buti. Alilitoa, akalinusa, akapitisha kidole gumba pale ubavuni, kisha akaupapasa mkono wa keria, ambao nao ulikuwa umebabuka rangi upande wa kulia. Hakuhitaji kuniuliza kitu. Alifungua mikanda yote polepole, akaiviringa, akaniambia hivi: "Kijana yule anasema ni mikono yake imemharibia. Mimi sitamwambia, kwa sababu hiyo maneno si yangu. Lakini usikuje hapa tena mpaka umwambie." Nilimwahidi kwamba nitasema akishapona. Mzee akaingia kibandani mwake. Sikurudi kwake tena, na nilikuwa nazunguka kwa njia ndefu ili nisipite mbele ya kibanda chake. Alifariki miaka kadhaa baadaye nikiwa bado nazunguka.

Wekesa alipona akabaki na mguu usiokunjika vizuri. Hilo la mbio lilikuwa limekwisha, na kila mtu alilielewa. Lisiloeleweka na watu ni kwa nini aliacha ufundi. Wateja walimfuata hadi nyumbani. Aliwaambia kwamba mtu ambaye hakuweza kugundisha tairi yake mwenyewe hana haki ya kushika tairi ya mtoto wa mtu mwingine. Aliuza spana zake. Akawa mlinzi kwenye lango la nyumba moja Lavington, kazi ya heshima kama nyingine, isipokuwa yeye hakuzaliwa kukaa kwenye kiti mchana kutwa. Mimi nilipandishwa cheo, nikabadilisha gari, nikabadilisha tena. Mguu wake niliuvunja kwa uzembe, na uzembe husamehewa. Lakini imani yake katika mikono yake niliivunja kwa kukaa kimya, kila siku upya, kwa miaka kumi na miwili.

Siku nilipolazimika kusema ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Binti yangu alikuwa amenunua baiskeli na keria, akamwomba baba yake mdogo amsaidie kufunga, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba zamani alikuwa fundi. Wekesa akacheka kidogo, akamwambia kwa upole, "Hapana, mama. Mimi sigusi magurudumu. Nitakuumiza." Binti akaja kuniuliza ana maana gani.

Nikamwita Wekesa sebuleni nikamweleza yote, nailoni, lori la mawe, mate na vumbi. Nilisema haraka haraka huku nikitazama meza. Nilipomaliza nilitarajia anipige, na ningeshukuru.

Aliuliza swali moja tu. "Uliiona kabla ya mbio ama baada?"

Wazo la kudanganya lilinijia, mwanangu, hata hapo, baada ya miaka yote ile. Nilikuwa nimesema mengi, lakini ningeweza kulinusuru hilo moja.

"Kabla," nikasema.

Akamaliza chai yake. Akakiweka kikombe chini, akamshukuru mke wangu kwa chakula, akachukua fimbo yake akatoka. Hakunitukana. Tunakutana kwenye mazishi na harusi, ananisalimia kwa jina langu kama mtu anavyomsalimia jirani, na wala hajakosa adabu hata siku moja. Nasikia amenunua spana. Hakuniambia yeye.

Basi ukienda kununua keria, litazame gari kwanza na si bei wala picha. Tafuta bomba la moshi liko upande gani. Ndoano zishike bati, si plastiki wala kioo. Mpira wa tyubu uache kwa kreti za maziwa, wewe tumia mikanda. Itikise baiskeli mpaka gari litikisike, na usizibe namba wala taa, maana polisi hawatakuhurumia. Ukienda mwendo mfupi simama ukaze tena, hata kama wenzako wanakucheka. Gurudumu la mbele litoe uliweke ndani, na viti vikichafuka vioshe. Kuvifuta ni kazi ya dakika tano.

Na ukiwa umekosea, kwa sababu utakosea, sema kabla. Sema kabla mstari haujapangwa, gurudumu la akiba likiwa bado mkononi mwa mtu. Aibu ya wakati ule ni ndogo, itapita kabla ya saa sita mchana. Usisubiri mtu apone, usisubiri akue, usisubiri wakati mzuri, kwa sababu mimi niliusubiri na haukuja. Ukweli ukiutoa baada, mwenye kuupokea hana tena cha kuufanyia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulindie mikono yako na mikono ya nduguyo. Na siku nduguyo atakapokuuliza swali, Mungu akujalie uwe na jibu unaloweza kumpa ukimtazama usoni.