Mbeleko ya Sisa

Hata baada ya askari wa wanyamapori kumchukua Sisa, kima wake, Targelia Usca aliendelea kujifunga mbeleko tupu kila alfajiri kabla ya kukanda unga. Mgongo ulishazoea uzito wa Sisa. Bila huo alijiona kama atapeperushwa.

Pale mjini Puyo, kando ya msitu, walimcheka alipofungua kesi ya kumdai. "Kima ana wakili!" Jirani yake Rosendo alisema akichagua mkate. "Mimi kuku wangu walipoibwa, hata polisi mmoja hakuja."

"Kuku wako hawana adabu. Sisa anakula kwa kijiko."

Wakili, binti mdogo tu, alikuwa amemweleza kwamba Katiba inampa Pachamama, yaani Mama Ardhi na vyote vilivyomo, haki zake, na Sisa yumo. Targelia alilia kwa furaha. Kumbe sheria inamjua Sisa! Basi itamrudisha nyumbani.

Mahakamani hakuficha kitu. Alisema anavyompikia Sisa uji wa ndizi, wanavyolala kitanda kimoja, na anavyomwokea mkate wa umbo la mtoto kila Siku ya Wafu, kama wanavyookewa watoto wa watu. Akaeleza na siku alipompata: mwindaji alikuja sokoni na kima jike aliyekufa, na kitoto kimeng'ang'ania manyoya yake, hakitaki kuachia.

"Nilikibandua kidole kimoja kimoja, mheshimiwa, nikakibeba mgongoni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Jaji alivua miwani. "Na yule mzazi wake, mama? Uchungu wake aliujua nani?"

Targelia akalishika fundo la mbeleko aliyokuwa amejifunga.

Hukumu ikasomwa. Sisa ana haki ya kuishi na wenzake, wala si mali ya mtu, hata mtu anayempenda. Wakili akamkumbatia. "Tumeshinda, mama!" Targelia akamtazama kama mtu aliyeletewa hongera msibani.

Nje, daktari wa kituo cha wanyama alimsogelea taratibu.

"Mama, Sisa hali chakula. Amejikunyata tu. Tupe hiyo mbeleko, imshike mpaka awazoee wenzake."

"Ngoja nikaifue kwanza. Imejaa jasho na unga."

"Usiifue, mama. Harufu yako ndiyo tunayoitaka."

Akalifungua fundo. Mbeleko ilimshuka begani, akaidaka kwa mikono miwili, vidole vikaikaza. Daktari alishika upande wa pili, asivute. Akasubiri hadi mama mwenyewe alipoachia.