Shufaa Alivyomleta Mume Fordsburg

Mtu akikuambia mwanamke hawezi kumleta mume Afrika Kusini kwa mshahara wake mwenyewe, mlete kwangu. Nakaanga sambusa na chapati karibu na duka la mapazia hapa Fordsburg, nipo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Nitamkalisha, nitampa chai, kisha nitamweleza habari za Shufaa mpaka chai ipoe.

Shufaa ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, kama mimi Zubeda. Alikuja Johannesburg msichana mdogo, akaanza kazi kwa kufagia vipande vya vitambaa chini ya meza ya mkataji katika duka hilo. Leo mkataji ni yeye. Nimewaona kina mama wa Randburg wenye magari yao wakikataa kuhudumiwa na mtu mwingine, wanamngoja Shufaa amalize kula. Akishika mkasi hazungumzi na mtu. Kitambaa cha bei ya kutisha anakipasua bila mkono kutetemeka, na pazia likitundikwa linagusa sakafu sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata kibali chake cha ukaazi wa kudumu alikipata kwa kazi hiyohiyo, si kwa ujanja ujanja.

Mume alimpata alipokwenda nyumbani likizo. Alikuwa amekaa uani na mama yake, adhana ya magharibi ikaanza katika msikiti wa jirani, akauliza, "Nani huyo anayeadhini?" Akaambiwa ni Suhaib, fundi wa mafriji. Mama yake akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Wenzio wanaulizia sura, wewe unaulizia sauti!" Walioana mwishoni mwa 2016. Kisha kazi ikamrudisha huku, Suhaib akabaki Tanga, ikawa ndoa ya simu.

Mwanzoni mwa 2018 yule mama akaugua, na Shufaa ndiye mtoto wake pekee. Siku zake za likizo zilikuwa zimekwisha, akamwomba tajiri wake likizo bila malipo. Tajiri alizaliwa hapahapa Fordsburg, mzee wa Kihindi mwenye kelele nyingi na roho nzuri. Alimwambia nenda, meza yako itakungoja. Machi yote na Aprili yote Shufaa alikuwa Tanga, akamuuguza mama yake kwa mikono yake, akamzika. Mei akarudi kazini. Alikuwa amekonda uso, na alikuwa na mimba.

Siku aliyoniambia habari ya mimba hakuniomba ndimu wala udongo wa kula. Aliniambia kitu kimoja tu.

"Dada Zubeda, nataka mtoto huyu aadhiniwe na baba yake."

Kwetu mtoto akizaliwa, maneno ya kwanza kuingia sikioni mwake ni adhana. Baba akiwapo, ni haki yake. Asipokuwapo, mwanamume yeyote Mwislamu atafanya, hakuna dhambi. Lakini mwanamke aliyeolewa kwa sababu ya sauti ile, umwambie aazime sauti ya jirani? Nilimwelewa kabla hajamaliza.

Basi Suhaib akaenda Dar es Salaam kuulizia viza ya kumfuata mkewe. Akaambiwa alete cheti cha ndoa, alete hiki na kile, na zaidi ya yote aonyeshe kuwa mkewe ana kipato cha kutosha kuwaweka wote wawili. Walitaka kuona taarifa ya benki ya miezi mitatu ya mwisho. Ilikuwa ndiyo kwanza Juni. Miezi mitatu ya mwisho ni Machi, Aprili na Mei, na kati ya hiyo, mshahara ulikuwa umeingia Mei peke yake. Angengoja mishahara mitatu itimie, maombi yangekwenda Agosti, viza ingechukua muda wake, na mtoto wa Desemba hangojei mtu.

Salum, Mzanzibari anayeuza simu ng'ambo ya barabara, akapata la kusema.

"Siku hizi mume anaagizwa kama mzigo, mpaka ulipie ushuru?"

Nikamwambia, "Wewe mkeo alikulipia nauli ya basi kutoka Dar, tukanyamaza. Nunua sambusa au ondoka." Akanunua.

Tajiri naye akataka kusaidia. Akamwita Shufaa ofisini, akamwambia atamwandikia barua kwamba likizo ile ilikuwa ya malipo, alilipwa mkononi, mambo yaishe. Shufaa akakataa. Alinisimulia mwenyewe alivyomjibu: "Tajiri, tangu nianze kukata hapa sijawahi kumwambia mteja kitambaa kinatosha wakati hakitoshi. Nitaanza leo kwa mume wangu?"

Sasa sisi wanawake tungekaa tu tukitazama? Hapa mtu akifiwa tunachanga, akioa tunachanga, akikamatwa na polisi tunachanga. Nikazungumza na Célestine, Mkongo wa Bukavu anayesuka nywele jirani yangu, naye akazungumza na wateja wake. Tukakubaliana tusimwambie Shufaa. Kila mmoja akaenda kwenye mashine ya benki, akatumbukiza alichojaliwa kwenye akaunti ya Shufaa. Na kwa desturi yetu mchango bila jina ni mchango uliopotea, maana kesho nani atajua kwamba nawe ulitoa? Mashine ina nafasi ya kuandika maneno. Tukaandika.

Wiki iliyofuata Shufaa akaja na karatasi za benki, zimekunjwa kwenye ngumi. Alisimama mbele ya karai langu la mafuta, akasoma kwa sauti, barabara nzima ikasikia.

"Zubeda, viza ya Suhaib. Célestine, kuziba tundu. Mama Joël, mume aje. Hii hapa nyingine, haina hata jina la mtu: Mungu ni mwema." Akanitazama. "Dada, huyu ofisa wa viza akisoma hivi ataona nini? Ataona mwanamke ambaye hana kitu, kaazima fedha kwa mtaa mzima ili amdanganye!"

Célestine akatoka saluni, kitana mkononi. "Eh, maman! Shi ni wewe ulisema kwa benki kuko tundu? Tumeliziba. Utakasirikia watu benye kukupenda?"

"Nawapenda na nimekasirika!" Shufaa akasema, na hapohapo akaanza kulia. Nikamvuta akae kwenye kreti. Nikamwambia mimi sitaomba radhi kwa kumtakia mtu heri, na hadi leo sijaomba. Lakini kusema kweli niliogopa. Nilijiona nimemfungia mlango Suhaib kwa mkono wangu mwenyewe.

Salum akaja na ushauri wake: azirudishe fedha zote, afungue akaunti mpya, afiche zile karatasi. Shufaa akafuta uso kwa ukingo wa mtandio.

"Kurudisha mchango ni kumtukana mtu," akasema. "Na kuficha sifichi. Nitawaeleza."

Fedha zile hakuzigusa. Aliziweka vilevile zilivyo, na baadaye tulikuja kuzila wenyewe, pilau na nyama ya mbuzi, siku ya akika ya mtoto. Alichofanya ni hiki. Akaenda benki akachapisha taarifa za mwaka mzima na zaidi kabla ya Machi, mshahara juu ya mshahara, haukukosa hata mwezi mmoja. Akaongeza na zile za Machi hadi Juni, zenye mshahara wa Mei na michango yetu yote. Akarudi kwa tajiri akamwomba barua ya kweli: kwamba Shufaa ni mfanyakazi wake wa kudumu, kwamba aliomba ruhusa ya kumuuguza mama yake bila malipo akapewa, kwamba amerudi kwenye kazi yake na mshahara wake uleule. Akaambatisha cheti cha kifo cha mama. Kisha akakaa nyumbani kwangu, akaandika barua yake mwenyewe kwa Kiingereza chake cha dukani, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama anavyofanya akipima kitambaa. Alinitafsiria.

"Mtaona majina ya watu katika akaunti yangu. Hao ni ndugu na majirani zangu. Walisikia nina shida, wakachanga, ndivyo tulivyo. Fedha hizo si mshahara wangu, naomba msizihesabu. Miezi miwili sikulipwa kwa sababu nilikuwa namuuguza mama yangu. Hesabuni kazi yangu tu. Inatosha."

Nilimwambia airudie ile "inatosha". Nilitaka kuisikia tena.

Suhaib alipeleka maombi Juni ileile. Jioni akatupigia simu, Shufaa akaiweka spika. Alisema mama wa viza aliyekaa dirishani aliisoma ile barua, akageuza karatasi za benki, akarudi kwenye barua. Hakuahidi lolote. Ila aliuliza swali moja.

"Aliuliza, Zubeda ni nani?"

"Ukamwambiaje?" nikadakia.

"Nikamwambia ni dada yetu wa sambusa."

Jina langu limeulizwa ofisini Dar es Salaam, na mimi sijawahi hata kupanda ndege!

Kisha tukangoja. Julai kimya, Agosti kimya. Shufaa akakata mapazia ya hoteli moja huku tumbo likigusa meza, akihama upande kila mara ili mkasi upite. Septemba alianza kuniuliza taratibu kama mzee Othmani wa msikitini ana sauti nzuri. Nilijifanya sikusikia, maana ningemjibu ningelia. Oktoba, saa nne asubuhi, nikasikia ukelele dukani, nikadhani kajikata. Kumbe simu ya Suhaib. Viza imetoka. Tajiri mwenyewe alitoka barabarani, akawagawia wapita njia sambusa zangu zote, kisha akalipa. Na aliyekwenda uwanja wa ndege kumpokea Suhaib kwa gari lake alikuwa Salum, safari hii bila la kusema.

Mtoto alizaliwa Desemba, hospitali ya serikali, msichana. Walituruhusu kuingia saa ya wageni. Wodi ilikuwa imejaa, watoto wa watu wanalia, redio ya nesi inaimba. Suhaib alimpokea mwanawe kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Akamwelekeza kibla, akainama sikio la kulia, akaanza kwa sauti ya chini mno, anaona haya mbele ya wageni.

Shufaa akajiinua kwa kiwiko kitandani.

"Suhaib, usinong'one," akasema. "Sauti hiyo nimeitolea jasho."

Nesi akazima redio. Suhaib akasafisha koo, akaanza upya kutoka mwanzo.