Picha ya Mama Kutoka Makoroboi

Studio ya Mzee Kanti ilinuka siki. Kabla hujaona chochote, kabla hata hujasalimia, harufu ile ilikuwa imeshakushika puani. Ilitoka nyuma ya pazia zito jeusi, kwenye chumba cha giza alikosafishia picha, ikachanganyika na vijiti vya udi ambavyo mke wake alivichoma kila asubuhi kwenye kona yao ya sala. Studio yenyewe ilikuwa Makoroboi, katikati ya mji wa Mwanza, na mbele ilikuwa na dirisha pana la kioo lililojaa nyuso za watu wa mji huu, zote katika nyeusi na nyeupe. Walikuwapo maharusi, walikuwapo masista, walikuwapo vijana waliosimama mbele ya pazia lililochorwa bustani na ngazi za jumba ambalo hakuna aliyewahi kuliona Mwanza. Ukitazama kwa makini uliona kwamba koti la karani, la mvuvi na la bwana harusi lilikuwa koti moja. Lilikuwa koti la studio, lilitundikwa kwenye msumari karibu na kioo cha kujitazamia, na hakuna aliyeona kwamba huo ni uongo. Uliingia na shati lako, ukatoka na picha ya mtu mwenye koti, na ndugu zako kijijini wakafurahi.

Likizo ya Desemba ninayoizungumzia nilikuwa nimemaliza darasa la tano. Tulikaa Mkolani, mimi, bibi yangu mzaa mama, na mama mdogo Leokadia, mdogo wake mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Baba alikuwa Geita na familia nyingine, nasi hatukumsumbua. Mama alikufa kwa malaria nikiwa sijajua hata kutembea. Bibi aliuza dagaa katika soko la mjini, na wakati wa likizo alinichukua nimsaidie, ingawa msaada wangu uliisha mapema na saa zilizobaki nilizimaliza kwenye baraza la studio. Mwaka ule Mzee Kanti alikuwa anafunga. Picha za rangi zilikuwa zimeshaingia mjini kwa kishindo, mashine zinakupa picha yako siku hiyohiyo, na watu hawakutaka tena kukaa wima kwenye kiti wakisubiri wiki nzima ili watoke weusi na weupe. Watoto wake walikuwa wanamwita Dar es Salaam. Kwa hiyo alitangaza kwamba kila aliyewahi kupigwa picha pale aje achukue nega yake, yaani kile kipande cha filamu ambacho picha husafishwa kutoka kwacho, bila malipo, kabla hajazitupa zote.

Bibi hakujali. Mimi nilijali kuliko kitu chochote duniani, kwa sababu picha ya mama ilitoka studio ile. Ilining'inia sebuleni kwetu, ndani ya fremu ya mbao, na ndiyo picha pekee ya mama iliyokuwapo. Mwanamke kijana amekaa, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, mwanga unamwangukia shavu moja na shavu la pili limeachwa gizani. Hacheki. Anakutazama kama mtu aliyekuwa anakusubiri na hana haraka. Hadi leo sijaona picha nzuri kama ile, na nimeona nyingi. Picha ya rangi hukupa kila kitu kwa mkupuo, ukuta wa bluu, chupa ya soda mezani, na jicho linatangatanga. Ile haikuwa na kitu cha kukupotezea njia. Kulikuwa na mwanga, kulikuwa na kivuli, na kati yake kulikuwa na uso, basi.

Nilizungumza na uso ule. Kila mtoto aliyefiwa ana siri zake, na hiyo ilikuwa yangu. Nikitoka shule nilisimama mbele ya fremu nikamweleza mama yaliyonipata, na mara nyingi yaliyonipata yalitokana na mama mdogo. Amenichapa. Amenisuka nywele kwa nguvu. Amempa mtoto wa jirani kipande cha samaki kilichokuwa changu. Nilimwambia mama, kwa sauti, kwamba yeye asingenifanyia hivyo, kwamba Leokadia hanipendi na natamani angekufa yeye. Mama mdogo alikuwa jikoni, na kati ya jikoni na sebule palikuwa na kitambaa tu. Alisikia kila neno.

Nilimwomba Mzee Kanti anitafutie nega ya mama. Siku ya kwanza alisema, "Iko mbali sana, mwanangu, chini ya makasha." Siku nyingine alisema ana wageni wa kununua viti. Siku nyingine alinipa kashata na kunionyesha jinsi ya kutazama nega dirishani, kuushika ukingo wake kwa vidole viwili, na jinsi cheupe kinavyokuwa cheusi na cheusi kuwa cheupe mpaka bibi harusi anaonekana amevaa gauni la matanga. Nilicheka sana. Naye aliniambia kwamba picha huanzia huko, kwenye kinyume chake, na kwamba fundi mzuri hujulikana kwa kivuli, kwa sababu mwanga hata jua linautoa bure. Nilimpenda mzee yule. Nilipoendelea kumganda, hatimaye alivuta kasha, akapuliza vumbi na kunitolea nega kubwa ya ukubwa wa kiganja.

Niliipeleka dirishani. Nilimtambua mama mara moja, ingawa uso ulikuwa mweusi na macho yanang'aa. Halafu nikaona juu ya nyusi ya kulia pamechafuka. Nilipoinamisha filamu kidogo, kama nilivyofundishwa, niliona vistari vidogo vidogo vya penseli, laini kama nywele, vimepangwa vizuri pamoja. Nikamwuliza nani amechora kwenye picha ya mama.

"Mimi," akasema Mzee Kanti, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Hiyo ndiyo kazi, mwanangu. Kovu kwenye nega linakuwa wazi kama kioo. Ukilijaza penseli taratibu, kwenye karatasi ngozi inatoka safi. Nilishinda siku nzima na lile kovu la mama yako mdogo. Na kucheka! Leokadia alikuwa hawezi kutulia, kila nikiingia chini ya kitambaa cha kamera anacheka. Nikamwambia, binti, marehemu hacheki."

Mama mdogo alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kulia. Alianguka kwenye mawe ya ziwani akiwa mdogo, wakati wa kufua. Nililijua kovu lile kama nilivyoujua mlango wa nyumba yetu. Mzee Kanti alinitazama, na nadhani hapo ndipo alipogundua, maana fahari ilimtoka usoni akaanza kuokota vitu mezani ambavyo havikuhitaji kuokotwa. Alidhani nimeshaambiwa. Msichana mkubwa wa darasa la tano, nani angeendelea kumficha? Alisema, "Nenda kwa bibi yako," akasema tena, taratibu zaidi, "nenda kwa bibi."

Utauliza ilikuwaje niishi na mtu nyumba moja nisiutambue uso wake ukutani. Nami nimejiuliza. Lakini niliambiwa tangu mwanzo kwamba wale ndugu wawili walifanana, na mtoto huamini. Leokadia niliyemjua alikuwa ameshanenepa, anacheka kutwa, ana kovu. Yule wa ukutani alikuwa hana kovu wala kicheko. Penseli na kivuli vilitosha.

Bibi hakukana. Alikuwa anapima dagaa kwa kopo, akammalizia mteja wake, akamrudishia chenji na shukrani, ndipo akanigeukia. "Mama yako hakuwahi kupiga picha. Ulipoanza kuongea ukawa unauliza, mama yuko wapi, mama yuko wapi. Sasa tungekuonyesha nini? Ukuta?" Kwake mambo yalikuwa wazi. Mama mdogo ni mama, damu ni moja, uso ni uleule, na mtoto hawezi kukua bila picha ya mama wakati watoto wa wenzake wanazo. Alikwenda studio kuazima uso kama wengine walivyokwenda kuazima koti. Hakuelewa ninalilia nini, na watu wa soko nao wakaanza kunipa pole wakidhani nimeibiwa.

Kwa kweli nilikuwa nimeibiwa. Nyumbani nilimkuta mama mdogo anasonga ugali. Nilimwambia najua yule wa ukutani ni yeye. Hakuacha kusonga. "Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Niliambiwa kaa hapa, nikakaa. Niliambiwa usicheke, nikajitahidi." Nikamwuliza kwa nini aliniacha nisimame mbele yake miaka yote ile nikimshtaki kwake mwenyewe. Hapo aliacha. Alisema, "Ulikuwa unamwambia mama yako. Ningeingiliaje?" Nilimchukia kwa jibu lile, maana lilikuwa jibu la mtu mwema, na mimi nilitaka kuwa na adui.

Lakini lililoniumiza zaidi lilikuja baadaye, jioni, nilipomkalisha bibi nikamtaka anieleze mama alivyokuwa hasa. Pua yake. Mdomo wake. Alitofautiana wapi na mdogo wake. Bibi alifumba macho, akajaribu kweli, nikaona anajaribu. Kisha akafumbua, na kwa mara ya kwanza niliona ameogopa. "Kabula," aliniambia, "hata mimi nikimkumbuka siku hizi, namwona vile alivyo ukutani." Picha ilikuwa imemla mwanawe kichwani mwake. Walinidanganya mimi, wakaishia kujidanganya wenyewe, na hakubaki mtu duniani wa kunisahihisha.

Miaka zaidi ya thelathini imepita. Bibi hayupo, studio ni duka la simu, na simu yangu mwenyewe ina picha nyingi kuliko zilizopigwa Makoroboi nzima katika enzi za Mzee Kanti. Binti yangu Nyamizi hujipiga ishirini kabla ya chai, anafuta kovu na chunusi kwa kidole, wala hajioni mwongo. Sisi tuliamini picha ya nyeusi na nyeupe kama tunavyoamini kiapo. Yeye haamini picha yoyote, kwa hiyo hakuna itakayomfanyia nilichofanyiwa, na kuna siku namwonea wivu. Niliitoa ile picha ukutani siku ileile, imekaa kabatini, na sijasamehe. Nasema hivi nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bado ni nzuri.

Mwezi uliopita Nyamizi aliifukua. Anajua habari yake yote, lakini alisema, "Mama, picha kama hii haikai kabatini," akaipeleka Igoma kwa kijana anayetia rangi picha za zamani kwa kompyuta. Kijana akanipigia kuuliza gauni lilikuwa rangi gani. Sikujua. Aliyejua ni mmoja tu, na yuko Buhongwa, miguu inamsumbua. Nikampigia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nilimwuliza. Hakufikiri hata kidogo. "Kijani. Kijani kibichi. Lilikuwa la mama yako, bibi yako alilitoa sandukuni asubuhi ile. Halikunitosha. Mgongoni lilikuwa wazi kabisa, Mzee Kanti alilishika kwa vibanio vya kuanikia nguo. Dada alikuwa mwembamba, Kabula, halafu mfupi, alinifika hapa begani. Lilinipanda juu ya magoti, ndiyo maana picha imeishia kiunoni."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia haya miaka yote.

"Uliuliza uso," alisema. "Hukuuliza kingine."

Nilimpigia kijana wa Igoma. Nikamwambia gauni alitie kijani kibichi, na uso auache kama ulivyo.